Kicheko cha Shangazi

Hospitali nzima ilimwita Shangazi, huyu mshauri wa chumba cha mwisho, kule wanakopelekwa waliokosa usingizi na waliochoshwa na dunia. Miaka kumi na tisa ya kusikiliza, jamani! Miguu imevimba, masikio yamejaa, na foleni haipungui.

Siku hiyo aliingia mwanamke kijana na mumewe. Kila alichoulizwa mke, alijibu mume. Shangazi akamtuma bwana dirishani akagongewe muhuri kwenye kadi, maana foleni ya pale aliijua: dakika kumi zingekatika. Mlango ulipofungwa, hakuuma maneno.

"Mwanangu, nani anakupiga?"

Binti akajifunika uso kwa mtandio, akalia. "Yeye. Mwite, Shangazi, umseme. Wewe atakusikia."

Lo! Hamu ya kumsema ilimfika kooni. Lakini mwaka juzi aliwahi kuwakalisha mke na mume hapohapo waambiane ukweli. Mke akausema wote. Walipofika nyumbani, mume akamvunja mkono kwa aliyoyasema. Shangazi hajajisamehe mpaka leo.

"Nikimsema hapa, utakayelipia ni wewe, nyumbani. Jumanne uje peke yako, nitakuwa nimekutafutia pa kukaa. Yeye nitamwambia ni matibabu ya usingizi. Na nitacheka naye, usinione mnafiki."

"Hataniruhusu."

Mume huyoo, mchangamfu, kadi mkononi. "Daktari, huyu mke wangu anasahau mpaka chumvi. Siku moja atanisahau na mimi!"

Shangazi akacheka. Akacheka kwa meno yote thelathini na mbili, na nyongo imempanda. Akamwambia bwana kwamba Jumanne mkewe aje peke yake kwa matibabu ya usingizi. Binti hakuinua uso. Walipoondoka, Shangazi akakaa kidogo akiuchukia mdomo wake, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Jumanne ikafika. Saa tatu, hayupo. Saa tano, hayupo. Shangazi akaanza kujilaani: nimemwua mtoto wa watu kwa ujanja wangu. Saa saba kasoro mlango ukasukumwa. Binti, peke yake, mtoto mgongoni.

"Kasema wewe ni mtu mzuri, unajua utani," alisema. "Nauli kanipa mwenyewe."

Shangazi alishindwa acheke au alie. Alikuwa amechoka mno kwa yote mawili.

"Chumba kimepatikana," akasema. "Uamuzi ni wako, mwanangu. Unakwenda leo, au unarudi kwanza?"

"Sirudi," binti akasema, akaanza kumfungua mtoto mgongoni.