Nyungu ya Kaka Yangu

Saa tisa na dakika kumi alasiri kaka yangu aliingia ndani ya blanketi. Mbele ya kigoda chake, uani kwake Kisaka, palikuwa na sufuria ya majani ya mwarobaini, mkaratusi na mchaichai, imetoka jikoni ikichemka. Ulikuwa wakati wa korona, na kila aliyepumua kwa shida alifukizwa kwa nyungu. Nilikuwa nimefika kutoka kwangu Turwa, mjini Tarime, mchana huo, baada ya shemeji kunipigia simu kwamba mumewe siku hizi analala ameketi.

"Shikamoo, kaka," nilimwambia kabla hajafunikwa kichwa.

"Marahaba. Mura, mdogo wangu, mbona umejifunga uso kama mwizi wa ng'ombe? Nifunikeni, mvuke usiende kwa jirani."

Jirani mwenyewe alikuwa ameegemea ua. "Huyu ana korona gani?" alisema. "Korona inakondesha. Yeye amenona kama fahali wa mbegu!"

Tulicheka, naye alicheka humo ndani mpaka akakohoa.

Kweli alikuwa amenenepa. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe na mbuzi, na miaka yote aliwaswaga kwa miguu kutoka mnada hadi mnada. Wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari walipoacha kuja, fimbo ilitundikwa ukutani naye akakaa barazani. Mbuzi waliokosa soko walichinjwa mmoja mmoja, wakaliwa kwa chumvi nyingi na soda. Iliposemekana kwamba kusukutua maji ya chumvi kunasafisha koo, alisukutua asubuhi na jioni, kisha akameza. "Kutema ni hasara," alituambia.

Kabla ya hapo alikuwa akija Tarime kila mwezi, analala kwangu, na kesho yake anakwenda kliniki ya presha kuchukua vidonge. Halafu watu wakaanza kusema kwamba ukiingia hospitali unakohoa, utatoka umebebwa. Akaacha kuja. Vidonge vilipokwisha, hakutafuta vingine. Alisema hata hivyo hasikii maumivu popote.

Kilichobaki nje ya blanketi ni miguu. Ilikuwa imevimba hadi mikanda ya katambuga ikazama kwenye nyama. Wote tuliiona. Shemeji alisema ni ya kukaa sana.

"Bado kidogo," kaka alisema humo ndani.

Blanketi la kijivu lilikuwa likipanda na kushuka haraka, kama ubavu wa mnyama aliyekimbizwa. Kisha likaenda polepole, na tukafurahi kwamba pumzi imefunguka.

"Baba watoto, inatosha sasa. Toka," shemeji alimwita.

Mvuke uliendelea kupenya pembeni. Shemeji alimwita tena, safari hii kwa sauti ndogo, kisha akavuta blanketi.

Miezi mingi baada ya kumzika nilinunua kitabu chakavu cha afya sokoni Tarime. Niliposoma ukurasa wa moyo, nilirudi nyuma na kuanza upya. Presha isiyotibiwa huuchosha moyo, chumvi huyazuia maji mwilini, maji hujaa mapafuni, miguu huvimba, mgonjwa hushindwa kulala chali. Aliyeandika hakumjua kaka yangu, lakini alikuwa amemweka pale mzima mzima, hadi namna ya kulala.

Chai ya mchaichai siinywi tena. Harufu yake ikija kutoka kwa majirani, naigeukia kamba ya nguo. Mara mbili nimeona blanketi limeanikwa pale, likipanda na kushuka, na majani ya migomba nyuma yake yametulia kabisa. Sikusogea karibu.

Matanga yalipokwisha, shemeji alishusha kopo la maziwa ya unga kutoka darini. Kila mwezi ambao hakuja kwangu, kaka alitia humo nauli ya kwenda na kurudi pamoja na bei ya vidonge, anunue ndama.

"Alikuwa akisema korona imempa faida," shemeji aliniambia.

Alizipanga noti mwenyewe juu ya mkeka, akazihesabu, akazihesabu tena. Shilingi laki mbili na elfu kumi na sita.