Uvimbe Usiouma wa Apolline

Apolline alilima mpunga huko Wamaza, na hakuwa mtu wa kulala jua likiwa nje. Alimzika mume wa kwanza, akalea watoto peke yake, kisha akaolewa na Octave, mwanamume mpole mwenye maneno mengi. Uvimbe ulipoota chini ya mbavu zake za kushoto, aliendelea kupalilia.

"Bandama hiyo," walisema majirani, kama wasemavyo juu ya kila tumbo lililovimba kwa malaria. Wifi yake Victoire akamchanja chale, akapaka dawa ya majani. Uvimbe ukazidi.

Hofu ikamwingia. Lakini kwao mgonjwa anayelia ndiye anayepandishwa pikipiki kwenda hospitali. Asiyelia huambiwa asubiri mavuno. Basi alfajiri moja akajishika tumbo, akalia. Octave akamkimbiza hospitali ya Kasongo.

Daktari Mahamudu akampima kwa ekografi, mashine inayoonyesha picha ya ndani ya tumbo. Akaona mfuko wa maji nyuma ya tumbo, kwenye mkia wa kongosho.

"Mfuko kama huu una asili mbili," akasema. "Kongosho likiugua kwa maumivu makali, maji hujikusanya, hayo tunayatoa tu. Lakini ukiota wenyewe, kimya kimya, ni uvimbe hasa. Tukitoa maji utajaa tena, na baadaye unaweza kuwa saratani. Huo unakatwa wote. Mama, ulianza kwa maumivu?"

"Makali, Dokta!" Octave akadakia. "Alilia mpaka kuku wakakimbia!"

Apolline akainamisha kichwa. Aseme aaibike, au anyamaze atolewe maji bure?

"Baba, nyamaza kwanza. Haujaniuma hata siku moja. Nililia ili unilete."

Octave akamgeukia. "Kumbe nyumbani kwangu iko fundi wa kulia!"

"Ningesema siumwi, ungenileta?"

Octave akacheka kwa haya, akamshika mkono.

Daktari akairudia picha: kuta nene, na vijumba vijumba ndani, alama za uvimbe unaoota wenyewe. Vikaafikiana na maneno ya mama. Akaukata mkia wa kongosho pamoja na uvimbe wake, mzima, bila kuupasua, na kipande kikapelekwa maabara ya mbali.

Jibu lilimkuta Apolline huko Wamaza, akipepeta mpunga, mshono ukimvuta kidogo. Octave alisoma kwa sauti: saratani haikuwa imeanza, na uvimbe wote ulikuwa umetoka.

Apolline akatua ungo. Akavuta pumzi, nayo ikashuka hadi chini kabisa, mahali ambapo kwa muda mrefu hapakuwa na nafasi.