Gari Lililokuwa Likifa Saa Sita Mchana

Asubuhi gari zima. Saa sita mchana gari maiti.

Siyo siku moja. Wiki mbili mfululizo.

Burito, dereva wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, pale Bunda, aliapa kwamba kuna mkono wa mtu unalichezea. Na jina la huyo mtu alikuwa nalo kichwani tayari.

Ngoja nianze vizuri.

Ilikuwa Februari 1974, mwaka ule watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Jua la mwezi huo halikuwa la kawaida. Ukiweka kiganja juu ya boneti saa sita, unakitoa haraka.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la Kimarekani, milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane. Meneja wa zamani aliliacha alipoondoka nchini, likawa mali ya jineri.

Hilo gari lilikuwa na nguvu za kutisha. Burito akikanyaga mafuta, mgongo wako unagandamizwa kwenye kiti. Akiwasha asubuhi, sokoni wanajua Burito ameamka.

Na lilikuwa na kazi ya maana. Bunda haikuwa na gari la wagonjwa. Mtu akizidiwa, jineri inatoa lile jekundu, mgonjwa analazwa kiti cha nyuma, mbio mpaka hospitali ya Musoma. Wengi waliokolewa hivyo, na Burito alijua watu wanamheshimu kwa ajili hiyo.

Alikuwa mtanashati. Kofia safi, shati limenyooshwa, gazeti limekunjwa kwapani. Gazeti hilo halikumtokaga.

Sasa ule ugonjwa wa gari ukaanza.

Ulianza na sauti. Akipanda kilima, ndani ya injini kunagonga, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Halafu nguvu inapotea. Anakanyaga, gari halisikii. Mshale wa joto unapanda, mwishowe injini inazima.

Kesho yake asubuhi na mapema, gari linaondoka kama mshale. Kama halijawahi kuumwa.

Burito akakagua plagi. Nzima. Rejeta, nzima. Akafungua karbureta, akaisafisha, akairudisha. Saa sita, misumari ile ile.

Ndipo akaanza kumwangalia Enoka.

Enoka alikuwa mtunza stoo. Mapipa ya petroli yote yalikuwa chini yake. Mtu mwembamba, mpole, mzaliwa wa Buswahili upande wa Butiama. Walikuwa hawasalimiani vizuri tangu mwaka uliopita, Burito alipomwambia mbele ya vibarua kwamba mtunza stoo hamfundishi dereva kazi. Tangu siku hiyo Enoka alikuwa anampa mafuta kimya kimya, anaondoka.

Burito akawa anamchunguza.

Jioni moja akamwona anatoka getini na debe. Upepo ukaleta harufu. Mafuta ya taa.

Burito alisimama pale pale, akajiambia debe la kuchanganyia ndilo hilo. Kila dereva alijua mchezo huo: unachota petroli, unajazia mafuta ya taa, pipa linabaki limejaa na hakuna anayejua. Ila injini inajua.

Jioni ya tatu, tena debe. Jioni ya tano, tena.

Akamweleza meneja. Meneja akasema hataki maneno, anataka ushahidi. Burito akarudi amekasirika, akasema moyoni kwamba hao wawili labda wanakula pamoja.

Angalia hapo. Mtuhumiwa mmoja ameshakuwa wawili.

Kisha ikaja ile Alhamisi.

Saa tano na nusu asubuhi, watu wa Mugeta walifika na mkokoteni wa ng'ombe. Ndani yake alikuwa Ghati, mke wa Nyamhanga, amekaa na uchungu tangu juzi yake na mtoto hatoki. Mkunga wa zahanati alimwangalia mara moja tu akasema huyu ni wa Musoma, sasa hivi.

Wakamlaza kiti cha nyuma. Nyamhanga akakaa mbele. Burito akakanyaga.

Aliniambia hajawahi kukimbiza gari vile maishani. Barabara ya vumbi, jua utosini, kioo cha mbele kimekuwa cheupe kwa mwanga. Ghati hakuwa analia. Alikuwa anahema tu, na hilo lilimwogopesha zaidi.

Mwinuko wa kabla ya Kiabakari, misumari ikaanza.

Burito akazidisha kukanyaga. Ile sauti ikawa kubwa. Kisha moshi, kisha mvuke, kisha kimya.

Gari lilisimama katikati ya kilima.

Walikaa pale zaidi ya saa mbili. Lori la pamba lilipotokea, Ghati alipandishwa juu ya marobota akafikishwa Musoma.

Yeye alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

Nyamhanga alitoka wodini akamkuta Burito ameegemea ukuta. Hakumfokea. Alimuuliza swali moja tu.

"Gari limeharibiwa na nani?"

Burito akamtazama machoni, akajibu.

"Enoka wa stoo. Anachanganyaga mafuta."

Ilitosha.

Ndugu wa Nyamhanga walifika jineri kesho yake wakiwa tisa, na hawakuja mikono mitupu. Meneja akampitisha Enoka mlango wa nyuma, akamwandikia barua ya kusimamishwa kazi kwa usalama wake bila kumuuliza lolote. Jioni ile ile Enoka, mkewe Justina na watoto wanne wakaondoka Bunda na godoro moja na sufuria zao. Walirudi Buswahili. Watu waliwapigia miluzi barabarani.

Burito alikuwepo. Hakupiga mluzi, lakini hakuona huruma pia.

Gari likatengenezwa Musoma, pistoni moja ilikuwa imetoboka. Likarudi. Mtunza stoo mpya, Silasi, akampa mafuta.

Saa sita mchana, misumari ikagonga.

Burito alizima injini akakaa ndani, mikono kwenye usukani, jasho likimtiririka. Enoka yuko Buswahili. Sasa ni nani?

Akamshuku Silasi. Akaanza kulinda mapipa mwenyewe, akayafunga kwa waya na kuuwekea alama yake. Waya haukuguswa, gari likagonga. Akamshuku mlinzi. Akamshuku mpakuaji wa mapipa. Akaacha kula chakula cha pamoja kazini. Marcelina, mkewe, alimwambia siku hizi anamtazama hata yeye kama mwizi.

Aliyekata mzizi wa hayo yote alikuwa Sista Benedikta.

Huyu alikuwa mtawa wa misheni Musoma. Ndiye aliyetunza jenereta na magari ya misheni, kazi aliyofundishwa na bruda mmoja fundi. Alikuwa na mikono yenye grisi na maneno machache. Alipita Bunda kuchukua pamba ya hospitali, Burito akamwomba aangalie.

Sista akaendesha kidogo, akasikiliza, akarudi. Akauliza gari linatumia mafuta gani.

Burito akasema super, ile petroli ya daraja la juu, kama siku zote.

Sista akasema injini ya aina hii inaubana sana mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla ya kuuwasha. Super inavumilia kubanwa huko. Petroli ya kawaida haivumilii, inajilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na ndiyo hiyo misumari. Asubuhi hewa ni baridi, injini inaponea chupuchupu. Mchana hewa yenyewe inaingia ya moto, nguvu inapungua, dereva anakanyaga zaidi kwenye kilima, na injini inajiua.

"Twende nione pipa," akasema.

Wakaingia stoo. Sista akasogea kwenye pipa la kwanza. Ubavuni kulikuwa na maandishi ya chaki, yamefifia kidogo. Burito alikuwa ameyaona siku zote hizo.

Sista akayasoma kwa sauti.

"Super haiji tena, shida ya mafuta. Hii ni ya kawaida. Dereva, mchana usikimbize mlimani, injini itagonga. Fundi arudishe taiming nyuma, cheche ichelewe kidogo. Enoka."

Akasogea la pili. Maneno hayo hayo. La tatu, hivyo hivyo.

Akamgeukia Burito. "Ndugu, kumbe mliambiwa. Hukusoma?"

Sasa nikwambie kitu ambacho mpaka siku ile Burito hakuwahi kumwambia mtu, hata Marcelina.

Burito alikuwa hajui kusoma.

Hata herufi moja. Leseni aliipata enzi za mkoloni kwa kuendesha vizuri na kuweka dole gumba. Gazeti la kwapani lilikuwa pazia tu. Ile chaki kwenye mapipa aliidhani hesabu za stoo; Silasi naye alidhani dereva ameshaisoma. Na Enoka, aliyekatazwa mbele za watu kumfundisha dereva kazi, aliona njia iliyobaki ni kumwandikia mtu ambaye kila siku anatembea na gazeti.

Burito akakaa chini kwenye sakafu ya stoo.

Siku mbili baadaye alikwenda Buswahili, kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Alimkuta Enoka jioni kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, taa ya karabai imening'inizwa, akina mama wamejipanga na vibao vyao. Justina alimweleza kwa ukali kwamba hata Bunda mumewe alikuwa anafundisha, na mafuta ya taa ya karabai alikuwa anayanunua mwenyewe, debe kwa debe.

Burito akamweleza Enoka yote. Hakuficha lolote, hata la gazeti.

Enoka akapangusa chaki mikononi.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Nisingekucheka."

Burito akaomba msamaha. Enoka akamwambia kwamba kwake yamekwisha, ila kuna nyumba moja Mugeta bado inaamini Enoka ndiye aliyewaulia mtoto. Aende huko kwanza.

Barabara ya Mugeta ndiyo iliyomtoa jasho. Alijua kina Nyamhanga ni watu wa namna gani.

Akawakuta Nyamhanga na Ghati uani. Akasimama, kofia mkononi, akasema Enoka hana kosa. Kwamba onyo lilikuwa limeandikwa kwenye pipa, naye hajui kusoma. Kwamba yeye ndiye aliyekimbiza gari na kulikanyaga mlimani juani, na kwamba aliwadanganya bila kujua na bila kuuliza.

Nyamhanga aliinuka. Akaingia ndani. Burito alidhani anafuata panga, akabaki amesimama hivyo hivyo.

Nyamhanga hakutoka tena.

Ghati ndiye aliyezungumza, akiwa amekaa kwenye ngozi, sauti ya chini.

"Hayo maandishi yalisemaje?"

Burito akayarudia, neno kwa neno. Alikuwa ameyashika kichwani.

Ghati akaangalia mikono yake.

"Hata mimi nisingeweza kuyasoma," akasema. Kisha akainuka, akamfuata mumewe ndani.

Burito hakujua kama huo ulikuwa msamaha. Mpaka anazeeka, kule Bweri aliponisimulia haya, alikuwa bado hajui.

Enoka alisafishwa jina mbele ya wafanyakazi wote wa jineri, lakini hakutaka kurudi. Gari taiming ikarudishwa nyuma, Burito akawa analiendesha taratibu mchana, likafika Musoma kila mara. Halikuwa na mbio kama zamani. Lilifika.

Ndugu msomaji, mimi nimebaki na hili. Ukiwa na jibu kabla ya swali, kila debe utakaloona litanuka mafuta ya wizi. Burito aliweza kuwashuku watu watano. Kuuliza, "jamani, hapa pameandikwa nini?" hakuweza.

Kama kuna kitu hukijui, kiulize leo. Aibu yake ni ya dakika moja.