Mabakuli ya Wageni na Paka Sita

Majivu yakimwagiwa maji ya moto hutoa harufu yake, kali kidogo, inayopanda puani na kukaa kooni. Juzi mjukuu wangu alikuwa akisugua sufuria uani, harufu hiyo ikaingia dirishani, na mimi niliyekuwa nikichambua mchele nikajikuta nimerudi katika nyumba yetu ya zamani, hapa hapa Uvira, katikati ya paka wanaoharisha. Najua si mwanzo wa heshima, lakini ndiyo kumbukumbu iliyokuja.

Wakati huo uhuru ulikuwa bado mpya na uasi ulikuwa umeshatufikia. Mama alikuwa mchuuzi wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Aliwanunua ufukoni asubuhi, akawaanika mchangani, kisha akawatia kwenye magunia na kuyapeleka Luvungi na Kamanyola siku za soko. Barabara ilipofungwa na vita, magunia yalibaki nyumbani. Yalijaa chumba cha nyuma, halafu yakaanza kusogea hadi tulipolala mimi na mdogo wangu Amani, aliyekuwa bado anatambaa. Magunia yakaleta panya, na panya wakatufanya tuwaheshimu paka.

Baba hakuwapo. Alikuwa polisi wa serikali, na waasi walipokaribia alivuka ziwa kwa mtumbwi wa mvuvi hadi upande wa Burundi. Mimi nilifundishwa kusema kwamba baba ni mchuuzi kama mama, kwamba amekwenda kutafuta chumvi. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba nyumba ya polisi ikigunduliwa, waliomo hawaulizwi maswali mengi. Majirani nao walijua, wakanyamaza, na hilo nawashukuru hadi leo.

Paka wetu halisi alikuwa mmoja tu, Dipanda, yaani Uhuru, jike la kijivu lililozaliwa wiki ile watu walipocheza barabarani kwa furaha ya uhuru. Wengine walijileta. Majirani waliokimbilia milimani walibeba magodoro, kuku na watoto, wakaacha paka, na paka aliyeachwa hakuhitaji kuelekezwa nyumba yenye ndagala. Wakafika watano. Wa mwisho alikuwa mtoto mweupe, mifupa mitupu, niliyempa jina la Sabuni na kumlaza tumboni kwangu kila jioni. Sabuni ndiye aliyetuletea ugonjwa, ingawa kwa miaka mingi sikutaka mtu aseme hivyo mbele yangu.

Ulianza na kinyesi cha uji, kinachong'aa kama kimetiwa mawese, na uvundo ulioshinda hata wa ndagala, na hilo si jambo dogo. Leo Sabuni, kesho Dipanda, baada ya siku chache nyumba nzima. Zamani paka walikwenda kujisaidia mchangani huko ufukoni na hatukujua habari zao. Sasa mama alifunga mlango kabla ya giza, kwa sababu vijana wa doria wa waasi walipiga risasi kitu chochote kilichotikisika. Basi sote tulilala ndani, watu watatu na paka sita, na kasha moja la mchanga pembeni.

Jirani yetu mmoja aliyebaki alikuwa muuguzi wa dispensari, mzee mpole aliyevaa kofia hata akiwa ndani. Alikuja kutuangalia, akachungulia kasha, akamtazama Amani aliyekuwa anatambaa kuelekea huko huko.

"Mama Riziki," akamwambia mama, "hii ni kadudu kadogo sana, macho haiwezi kukaona. Kanatoka kwa nyuma, kanarudia kwa kinywa. Ukitunza mumoja tu, bale bengine batamurudishia."

"Na mutoto?"

"Mutoto umubebe. Asiguse chini mupaka bapone."

Akatuachia vidonge vilivyobadilika rangi, ambavyo hakuthubutu tena kumpa mtu, akatuonyesha jinsi ya kuvisaga. Dawa wapewe wote, hata wale wanaotembea kwa maringo kama hawana shida. Mchanga utupwe mbali kila siku, uletwe mwingine uliokauka juani. Na kila paka apate chombo chake, kichemshwe, kisha kianikwe hadi kikauke kabisa.

Hapo ndipo pakawa na taabu. Vibuyu na vyungu havichemshwi vikatakata. Mama alikuwa na vyombo vya aina moja tu vinavyostahimili, nayo ni mabakuli ya malata ya harusi yake, ya bati lililopakwa enameli, meupe yenye ukingo wa buluu, ambayo yalikaa sandukuni yakisubiri wageni. Sisi wenyewe hatukulia humo. Kwetu watu wa nyumba walikula pamoja kwenye sahani moja kubwa, na aliyewekewa bakuli lake peke yake alikuwa mgeni. Mama alilifungua sanduku, akayatazama kidogo, akayatoa sita. Nilimwona anasikitika, na mimi nilifurahi sana kwa ajili ya paka.

Kumfundisha paka kulia bakuli moja tu ni kazi ya kumtia mtu wazimu. Mama aligonga kifuniko kwa kijiko, paka wakaja mbio, na mimi nikawa nimemshika Dipanda ngozi ya shingo, kwa maana huyo aliamini mabakuli yote ni yake. Baadaye walizoea. Kinyesi kikaanza kushikana, na mama akakitangaza kwa muuguzi kama mtu anayetangaza ndoa. Walipona watano. Sabuni alizidi kuwa mwepesi, na asubuhi moja alikuwa amekauka miguuni pangu.

Nililia sana. Mama hakunikemea. Alichukua jembe mwenyewe, akafukua shimo kwenye migomba nyuma ya nyumba, akanipa kipande cha kitenge nimfungie, akaniambia nimlaze mimi. Nikamlaza, nikamfunika kwa mikono yangu. Kisha mama akarudi kuchemsha mabakuli kwa maji ya majivu, yote sita, maana aliambiwa kila chombo, na akayapanga kwenye kichanja yakauke.

Vijana wa doria waliingia uani siku iliyofuata, jua likiwa juu. Walikuwa watatu, wamejifunga majani kichwani, na mkubwa wao alionekana kijana tu, wa umri wa kaka wa mtu. Aliyatazama mabakuli sita yakimeta juani, akaitazama ile sahani yetu moja, halafu akamtazama mama.

"Mama, haba bageni sita iko wapi?"

"Hapana bageni, papa. Ni ya bapaka."

"Weye unatucheka? Paka anakulia mu bakuli ya harusi?"

Wenzake walikwishaingia ndani, nikasikia wanachoma magunia kwa mikuki wakitafuta watu. Mama alichukua kifuniko na kijiko, akagonga. Paka wakaja kutoka kila upande, na wakati mama anayashusha mabakuli na kutia ndagala, kila mmoja alikwenda mbele ya lake na kuinama. Hata Dipanda. Vijana walitoka ndani, wakaanza kucheka, na mimi nilijivuna kama mwalimu ambaye wanafunzi wake wamefaulu.

Mkubwa wao peke yake hakucheka. Alilinyooshea mkuki bakuli la sita, lililobaki peke yake.

"Na hii?"

"Mwenyewe alikufa," nikasema mimi.

"Alikufa wapi?"

Nikaonyesha migomba. Kijana mmoja akachukua jembe letu lililoegemea ukuta, akaanza kwenda. Hapo mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemzuia mtu asikanyage unga:

"Papa, ule paka alikufa na ugonjwa wa tumbo, unaambukiza. Njo maana nilitenga mabakuli. Muache mutoto achimbe. Njo alimuzika, anajua fasi alimulaza."

Dawa ya vita waliyopewa hao vijana, ile ya kuzuia risasi, ilikuwa na miiko mingi, na kugusa uchafu ilikuwa mojawapo. Yule mwenye jembe alisimama papo hapo. Basi mimi nikapiga magoti. Nilichimba kwa vidole, udongo ulikuwa laini, nikafika kwenye kitenge, nikakifungua. Sabuni alikuwa ameanza kuharibika. Mkubwa wao alitazama mara moja, akaziba pua kwa kiganja, akasema, "Basi, funika." Walichukua gunia moja la ndagala, wakaenda zao. Mabakuli hawakuyagusa.

Mama alinisugua mikono kwa majivu hadi viwikoni, hadi ngozi ikawaka. Sikumtazama. Nilimchukia. Mama mzima, mwenye mikono yake miwili, amemwachia mtoto kazi ya kumfukua rafiki yake mbele ya mikuki. Chuki hiyo niliibeba kimya kimya, nikaenda nayo shule, nikakua nayo.

Serikali iliporudi, baba alirudi. Asubuhi moja nilimkuta kwenye migomba na mama, wamefukua palepale nilipomlaza Sabuni. Wakatoa turubai, na ndani yake koti la kaki lililoota ukungu, mkanda, buti na filimbi ya polisi. Nikaelewa kwa nini shimo la paka lilichimbwa pale, juu ya sare za baba. Lakini nilielewa nusu tu, na hasira yangu ikabaki, tena ikaongezeka, kwa kuwa sasa niliona alinipeleka kupiga magoti juu ya kifo chetu bila kunipa habari.

Nilimuuliza akiwa mzee, siku moja tunamenya mihogo, nami nina watoto wangu. Nilisema kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia. "Mama, siku ile kwa nini haukuchimba weye?"

Hakuacha kumenya.

"Miye ningetetemeka. Na ule kijana na jembe yake angelima mupaka chini." Akatupa ganda. "Weye ulikuwa unamupenda ule paka. Nilijua mikono yako itasimama kwake, haitapita chini yake."