Mawe Mawili Mawili

Kwa miaka thelathini na miwili Sleyum amechora nyumba za watu wa Tanga, na hakuna hata moja aliyoipenda. Amechora vyumba vya kupangisha Makorora, kumi kwa choo kimoja. Amechora maduka, mashine za kusaga, na uzio wa bwana mmoja wa Horohoro ulioanguka mvua za kwanza kwa sababu bwana mwenyewe alizibania nondo. Watu humwita injinia, ingawa ni mchora ramani tu, na yeye hakuwahi kujisumbua kuwasahihisha. Hiyo ndiyo dhambi yake ndogo. Kubwa naisimulia sasa, na mjue kabisa kwamba nampenda yule mtu, msije mkadhani namsengenya.

Wazee wake walitoka Omani, wakawa na shamba la minazi Mkwajuni, njia ya Pangani, na watumwa wa kulilima. Nyumbani kwao neno hilo halikutamkwa. Walisema "watu wa shamba", wakabadili mazungumzo. Baba yake alipofariki, Sleyum alikuta katika kasha waraka wa mirathi wa zamani: minazi mia sita, ng'ombe kumi na wawili, watu arobaini na mmoja. Minazi ilitajwa kwa safu zake, ng'ombe kwa rangi zao. Watu hawakutajwa hata kwa jina moja. Aliusoma akiwa amesimama, akaketi, akausoma tena.

Ndipo akaamua kuwajengea ukumbusho. Alichora ukuta wa mviringo, wa kimo cha kiuno, wenye zidaka arobaini na moja yaani vishubaka vya kuwekea vyombo, kama vya kuta za nyumba za kale, zote tupu. Mtu angepita kidaka baada ya kidaka, asikute kitu, aelewe. Ndugu zake walimwambia anawavua nguo hadharani. Mkewe, Zeyana, alimwuliza mwisho wake anataka nini.

"Nataka kabla sijafa niwe nimechora kitu kimoja cha haki," alimjibu. "Wale hawana mahali, Zeyana. Nataka wawe na mahali."

Na kwenye ramani akaandika kwa mkono wake, akapiga na mstari chini: mawe yawe ya hapa hapa shambani, yasitoke kwingine. Alijiona amefanya jambo kubwa kwa sentensi ile. Maskini.

Fundi alikuwa Laurenti, Mkatoliki wa Muheza, ambaye baba yake alikuja pwani kukata mkonge. Ni fundi mwaminifu, na hili mlishike. Siku ya tatu ya kazi alimpigia simu Sleyum.

"Injinia, huku kichakani kuna mawe mazuri ajabu. Lakini yamesimama mawili mawili, kama mtu aliyapanda. Ni ya nini?"

Sleyum alikuwa ameinamia choo cha mtu mezani kwake. "Hiyo mipaka ya zamani, Laurenti. Ng'oa."

Hakudanganya. Utotoni alimwuliza baba yake swali lile lile, akajibiwa vile vile. Wazee wa kwao wamelala karibu na magofu ya nyumba kubwa, makaburi yamepigwa chokaa na kuandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wazee wa Laurenti wana misalaba. Basi mmoja alizoea maandishi, mwingine msalaba, na wote wawili wakaona mawe tu.

Yaling'olewa yote. Halafu greda likapita kusawazisha uwanja wa kuweka viti vya wageni. Jiwe moja lilikuwa na kigae cha sahani, chenye maua ya buluu, kilichogandishwa kwa chokaa. Laurenti alilipenda akaliweka mbele kabisa, pembeni mwa mlango. Sleyum alilipiga picha, akawatumia watu.

Ufunguzi ulipangwa Jumapili. Alhamisi, siku za mwisho za Shaabani, wawili hao walikuwa wakifuta vumbi kwenye zidaka alipotokea bibi kizee na chupa ya maji yenye marashi, ubani umefungwa kwenye pindo la kanga. Alisimama mwanzo wa uwanja. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Shikamoo, bibi," Sleyum alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi Mwanatumu, wa ng'ambo ya mto. N'kuulize, hapa si Mkwajuni?"

"Ndipo, bibi. Karibu."

Bibi hakukaribia. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye kile kigae. Alikwenda polepole, akakigusa kwa kidole, akabandika kiganja kizima juu ya jiwe.

"Hili shahidi la kaburi," alisema. "La bibi yake mama yangu. Sahani hii alikuwa akilia chakula. Kila Shaabani naja namsomea, namwagia maji. Limefikaje ukutani?"

Laurenti alifanya ishara ya msalaba. Sleyum alishika ukingo wa kidaka kwa mikono miwili. Mawili mawili. Kichwani na miguuni. Aliambiwa kwa simu, kwa Kiswahili chepesi, na akasema ng'oa.

"Bibi, niliuliza," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Nilikwenda ofisi ya kijiji. Wallahi niliuliza. Hakuna aliyeniambia kuna makaburi."

"Nani angekwambia? Mtu asimame ofisini ajitangaze kitukuu cha mtumwa, mbele ya mjukuu wa bwana? Sisi huja kimya kimya, tukasoma, tukaenda zetu."

Sleyum alichukua mtaimbo wa Laurenti, akaupiga ukuta. Alipiga kama mwendawazimu, akilia waziwazi, kamasi na jasho pamoja, na Laurenti, aliyeujenga ukuta ule kwa wiki sita, akachukua nyundo akamsaidia. Lakini saruji ya Laurenti ilikuwa saruji ya mtu mwaminifu. Mawe yalipasuka kabla ya kuachana. Yaliyotoka mazima yalilala majanini yakifanana, na hakuna aliyejua lipi lilikuwa na lipi, wala la nani. Majuto ni mjukuu, husemwa. Yake yalikuja yakiwa watu wazima, arobaini na mmoja.

Jiwe la kigae lilitoka zima. Sleyum alilibeba kifuani, akamfuata bibi hadi katikati ya uwanja. Greda lilifanya kazi nzuri. Pale palikuwa tambarare kama meza, na alama zilikuwa zake yeye tu, vigingi na kamba: viti, njia, choo cha wageni.

Bi Mwanatumu alifungua chupa. Akapiga hatua tatu, akasita, akarudi mbili. Akajaribu upande mwingine.

"Palikuwa na kichaka cha mkwamba," alisema. "Nilikuwa nahesabu kutokea pale."

Alimtazama Sleyum. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililommaliza.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye ramani," alisema, akimpa chupa. "N'onyeshe. Nimwagie wapi?"

Sleyum aliipokea kwa mkono mmoja, jiwe kwenye mkono mwingine. Akasimama pale hadi adhana ya alasiri, na maji yote yangali chupani.