Propela Iliyokunywa Hewa

Usiniambie kwamba fundi mzuri huusikia ugonjwa wa mashine kwa sikio. Nimelisema sana neno hilo mimi mwenyewe, kifua mbele, watu wakinisikiliza ufukoni, na leo nikimsikia mtu mwingine akilisema natamani kumtupia spana. Sikio langu hili lilimfukuzisha mtu kazi. Na mtu mwenyewe alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo.

Aliendesha boti ya kasi ya bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni kwenye kisiwa, ng'ambo ya Usenge. Si zile boti za mbao za wavuvi. Hii ilikuwa ya faiba, nyeupe, imechongoka mbele, na mashine ya farasi mia mbili mkiani. Ilikuwa inatoka Kisumu na wageni na kuwafikisha kabla soda zao hazijapata moto. Shemeji ndiye dereva, mimi ndiye fundi. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, na sikumwacha asahau.

Jumapili moja alasiri alikuwa anawarudisha wageni Kisumu. Upepo ulikuwa umeanza kulichafua ziwa. Karibu na nchi kavu akakata kona kulikwepa gugumaji, mashine ikapiga ukelele, na boti badala ya kwenda ikakaa. Wimbi likaipiga ubavuni. Mama mmoja mgeni akagonga mdomo kwenye bomba la kushikilia, akapasuka. Mwenye boti alikuwa amesimama ufukoni kuwapokea, akayaona yote kwa macho yake.

Jumatatu asubuhi akatuita wote wawili.

"Fundi, angalia hiyo mashine. Mpaka Ijumaa nataka kujua, ni mashine iko na shida ama ni huyu mtu."

Huyu mtu! Shemeji alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi. Alijua, na mimi nilijua, kwamba dereva akishasemwa amewaogopesha wageni, hakuna mwenye boti atakayempa ufunguo tena kuanzia Dunga mpaka Usenge. Ufuo una mdomo. Jina lake ndilo lililokuwa hatarini, na hakuwa na lingine. Nikampiga bega nikamwambia asiwe na wasiwasi, fundi yuko.

Propela inataka maji. Ikipata hewa mahali pa maji haina cha kusukuma, kwa hiyo inazunguka bure. Mashine inalia, mshale wa mizunguko unaruka juu, na boti inapoteza nguvu. Sisi tunasema propela imekunywa hewa. Kazi ya fundi ni kutafuta hewa hiyo inaingilia wapi, na hapo ndipo nilipojiona profesa.

Kwanza nilitaka kuhakikisha kwamba si raba ya ndani ya propela inayoteleza, maana ikiteleza kelele ni ile ile. Nikachora mstari wa rangi kutoka kwenye kikombe cha ndani mpaka kwenye propela yenyewe, tukaenda ziwani, tukarudi. Mstari ulikuwa umenyooka vile vile. Raba nzima. Nikayapapasa mapanga ya propela kwa ukucha, nikakuta mkwaruzo mdogo kwenye panga moja, nikaupiga tupa. Hata hivyo nikaitoa nikafunga ile ya akiba. Ikalia vile vile. Nikaiteremsha mashine tundu moja, ili lile bapa lililo juu ya propela, linalozuia hewa isishuke, likae chini zaidi. Ikapunguza kulia kidogo, halafu ikalia. Mpaka Jumanne mchana nilikuwa nimelowa, nimekasirika, na watu wa ufukoni walikuwa wameanza kuniuliza kwa kicheko, "Fundi, bado?"

Jumanne hiyo alasiri tukatoka tena, sisi wawili tu. Shemeji alikuwa kwenye usukani, mimi nimeinama mkiani nikitazama povu.

Kwetu, mtu na shemeji yake hawarushiani maneno. Yeye ndiye aliyeoa kwetu, na mbele yangu hata kukohoa alikohoa kwa adabu. Kwa hiyo alipopunguza mwendo na kugeuka, alisema kama mtu anayeomba chumvi.

"Shemeji, mimi naona haianzi kwa kona. Nikishika mwendo tu, hata nikienda moja kwa moja, naisikia inataka kulia. Ni kama hewa inatoka mbele ya propela. Kama kuna kitu chini hapo."

"Kitu gani?"

Akayatazama maji. "Sijui, shemeji. Chini tu."

"Wewe endesha," nikamwambia. "Ukishajua mashine utakuja unifundishe. Unainua mkia wa mashine juu sana kwa ile swichi, ndiyo maana inakunywa hewa. Ni mkono wako huo."

Akasema, "Sawa, shemeji." Akawasha, tukarudi. Mimi nikalichukua lile "sawa" kuwa ni kukiri. Kumbe ni adabu! Mtu anakuheshimu, wewe unadhani umemshinda.

Jioni hiyo nikampigia mwenye boti nikamwambia mashine ni nzima, nimeiangalia yote. Akauliza, kwa hivyo ni mtu? Nikasema inawezekana anainua mkia kupita kiasi. Nilisema "inawezekana." Neno hilo nimelishika miaka hii yote kama mtu aliyeshika unyasi mtoni, na halijaniokoa.

Jumatano boti ilivutwa nchi kavu isafishwe tumbo, maana wageni wengine walikuwa wanakuja mwisho wa juma. Wanaume kumi na watano, kamba, wimbo, ikapanda juu ya matairi. Nikalala chali chini yake na brashi, nikisugua ukijani. Nilipofika mkiani, mkono wangu ukakutana na chuma.

Yawa! Nilikijua kile chuma kabla sijakitazama. Mimi ndiye niliyekifunga.

Huku kwetu kila boti ya mbao ina chuma bapa chini ya uti wake, kutoka pua hadi mkia, kwa sababu ufuo una mawe na boti huvutwa. Bila chuma, ubao unaisha kabla mwaka haujaisha. Ile ya faiba ilipoletwa, nilimhurumia mwenye boti. Mbona tumbo tupu? Huko kisiwani nayo ilikuwa inavutwa kwenye mawe kama ng'ombe anayekataa josho. Nikalitoboa tumbo, nikaliwekea chuma safi, nikafunga bolti mpaka mwisho kabisa wa mkia, kama baba zetu walivyofanya. Mwenyewe nilimwambia nimeimarisha boti, na akafurahi. Kitabu cha mashine kinasema pasiwe na kitu chochote mbele ya propela, maji yafike yametulia. Nimekisoma baadaye. Wakati huo kazi yake ilikuwa kushikilia kikombe changu cha chai.

Boti ya mbao ya mvuvi haina haraka, maji yanapita kwenye chuma hayana habari. Hii ilikuwa inaruka. Na kila ilipokuwa inasukumwa kurudi majini, mkia mbele, mawe yalikuwa yanakishika kile chuma mwishoni na kukivuta. Bolti mbili zilikuwa zimekatika. Ncha ilining'inia kidole kizima kutoka kwenye tumbo, hatua moja mbele ya propela. Boti ikishika mwendo, ncha ile ilikuwa inapasua maji na kuburuta hewa, inailisha propela kama mtoto.

Chini pale, mahali pale hasa alipopataja shemeji.

Nyani haoni kundule, na mimi langu nilikuwa nimelifunga kwa bolti. Nikakifungua kile chuma chote, nikaziba matundu kwa faiba na gundi, nikapiga msasa mpaka kukawa laini. Alhamisi nikaijaribu peke yangu. Nikakata kona kulia, nikakata kushoto, nikafungua moto wote. Haikulia hata mara moja. Ilishika maji kama kisu kwenye ugali. Kwa dakika mbili nilifurahi, naapa. Kisha nikakumbuka kesho yake ni Ijumaa.

Ningesema nini? Kwamba mimi, fundi wa sikio, nilitoboa boti ya mtu, nikaitia ugonjwa, halafu nikamsingizia dereva? Ufuo mzima ungenicheka mpaka kaburini. Nikajiambia mwenye boti ana maneno mengi tu, hawezi kumfukuza mtu kwa ajili ya mdomo uliopasuka. Nikajiambia nitasema Jumamosi hasira zikiwa zimepoa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaidizi, anajisaidia mwenyewe. Alhamisi hiyo hiyo nikampigia simu nikamwambia boti iko sawa.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

"Marekebisho madogo tu."

"Kwa hivyo mashine haikuwa na shida."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa pana, hata lori lingepita.

"Haikuwa," nikasema.

Ijumaa saa nne asubuhi alimfukuza. Mbele ya watu, akimwambia fundi mwenyewe amesema mashine ni nzima. Sikuwepo. Nilijifanya nina kazi Pap Onditi, na kazi yenyewe ilikuwa jenereta ambayo ingeweza kungoja mwezi mzima.

Jumamosi nikaenda kwa mwenye boti. Hilo nililifanya, na sidai sifa. Nikamweleza yote, chuma, bolti, ncha, nikitazama viatu vyake. Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze, nipumue. Akacheka.

"Omera, ndugu yangu, wewe ni mtu wa ajabu. Sasa inaenda, si ndiyo?"

"Inaenda."

"Basi yameisha."

"Na dereva?"

"Dereva nimepata mwingine, ni mtoto wa dada yangu. Siwezi kuajiri leo nifukuze kesho." Akanyanyua simu yake iliyokuwa inaita. "Madereva wako wengi, fundi. Mafundi ndio hakuna."

Ndivyo dunia hii ilivyo! Mimi niliyetoboa boti yake, nikawaponza wageni wake, nikasema uongo mara mbili kwa simu, akanibakisha. Aliyeona ukweli kwa kushika usukani tu akaenda nyumbani. Na mimi, mwanaume mzima, sikusema basi tafuta fundi mwingine. Nilisema asante.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda kwao Manyatta. Shemeji alikuwa amekaa sebuleni na shati la kanisani bado mwilini. Akasimama, akanipa kiti kizuri, kile cha karibu na mlango kwenye upepo, akaniuliza habari za nyumbani na za mama. Dada yangu akatoka jikoni akifuta mikono, akakaa kando ya mumewe. Nikasema. Sikuzunguka. Nikamwambia shemeji, ni kile chuma nilichofunga chini, ncha ililegea, ndiyo iliyoleta hewa. Haukuwa mkono wako.

Hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa polepole, akitazama sakafu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Alijua," dada yangu akasema. "Jumanne alikuja hapa akaniambia ni kile chuma cha ndugu yako. Nikamwambia si umwambie? Akasema huyo ni shemeji, nitamwambiaje kwamba kazi yake ndiyo mbaya? Nimemwonyesha mahali, ataona mwenyewe."

Nikasema pole. Neno dogo mno, hata mdomo wangu uliliona dogo.

"Na wewe?" dada akauliza. "Uliona lini?"

Ningeweza kusema jana. Nani angejua? Lakini uongo nao una mwisho.

"Jumatano."

"Jumatano," akasema. Aliirudia siku hiyo kama anayehakikisha amesikia vizuri. "Na alifukuzwa Ijumaa."

Shemeji akainua mkono kidogo, kumzuia. Hata wakati ule alikuwa ananilinda. "Wacha hayo, mama watoto," akasema. "Mletee ndugu yako chakula."

Kwetu mgeni hatoki bila kula, na ndugu wa mke ndiye mgeni wa kwanza. Jikoni samaki alikuwa anachemka, nilimsikia harufu. Dada yangu hakuinuka. Nilingoja kidogo, kama mjinga, kisha nikajiondokea.