Mwalimu Kengele na Sauti Iliyohamia Kwenye Kompyuta

Saa mbili na nusu asubuhi, kipindi cha sayansi. Mwalimu wa darasa ameketi nyuma kabisa kwenye dawati la watoto, magoti yamebanwa kama mtu mzima aliyepanda baiskeli ya mwanawe. Mbele yake ipo kompyuta ndogo ya shule, kifuniko chake kimeshikiliwa kwa mpira wa kufungia noti.

Ubaoni amesimama mwalimu mwenzake, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, kishikwambi mkononi. Anafundisha safari ya chakula tumboni, somo ambalo hakuliandaa yeye. Anachungulia maandishi, kisha anajishika tumbo.

"Jamani, mimi tumbo nimekosa nini? Mnanimiminia matonge mazima mazima, kwani mimi nina meno?"

Anayasema kama anayetangaza kikao cha wazazi. Kwenye andalio la somo, safu ya vitendo vya mwanafunzi, mwalimu wa darasa ameandika neno moja tu: Watacheka.

Hawacheki. Msichana wa dawati la mbele anainua mkono, uso umejaa huruma. "Mwalimu, unaumwa?"

Hapo vichwa sitini na vinane vinageuka nyuma, vyote kwa pamoja, kumtazama mwalimu wao, mwenye mzaha wake. Vinangoja. Anawanyooshea kidole: tazameni mbele.

Hawezi kufanya zaidi ya hapo. Daktari amekuta uvimbe kwenye nyuzi zake za sauti na amempa miezi mitatu ya kunyamaza. Hata kunong'ona amekatazwa.

Kwa mtu mwingine yeyote hiyo ingekuwa likizo. Kwa huyu, ambaye shule nzima inamwita Mwalimu Kengele, ni kifungo. Jina alilipata mwaka ambao kengele ya shule ilipasuka. Kwa mwaka mzima alikuwa akitoka mlangoni na kupiga ukelele mmoja wa "Mapumzikooo!" uliofika mpaka getini. Wenye maduka jirani walikuwa wanarekebisha saa zao kwa koo lake. Shule ilipokuja kununua kengele ya umeme, sauti ya mwalimu ilishaanza kukwaruza kama redio yenye betri chovu.

Sasa anazungumza kwa kibao cha mtoto na kipande cha chaki. Anaandika, unasoma, anafuta kwa kiwiko.

"Hunisikii vizuri?" anaandika. "Niandike kwa herufi kubwa?"

Macho yake yanacheka. Mabega yanatikisika. Hakuna kinachotoka.

Programu ya kuandalia masomo ililetwa shuleni miaka miwili iliyopita, na hakuna aliyeikejeli kama yeye. "Nilikuwa nachukua andalio la mwaka jana, nabadilisha tarehe, natuma," anaandika bila haya. "Mkuu ananisifu."

Leo programu hiyo ndiyo mdomo wake. Kila jioni anajaribu kulipakia darasa lake zima ndani ya visanduku ambavyo kila kimoja hakipokei zaidi ya herufi mia tatu. Humo anamwandikia kijana: Wa dirishani usimuulize kwanza, atatetemeka. Muulize wa tatu. Mapacha watenganishe. Ukimaliza sentensi hii, nyamaza kidogo.

Kisanduku kikijaa, programu inakata palepale, haina msalie mtume. Siku moja ilimwachia kijana maneno haya: "Wakianza kelele, wewe fanya..."

"Nifanye nini?" kijana anauliza mpaka leo, mikono kichwani. "Nilikaa na kelele zao kipindi kizima, mwalimu wangu! Nilitoka humo masikio yanaimba."

Anakiri kwamba maandalio ya Mwalimu Kengele yanazidi yote aliyosomeshwa chuoni. "Lakini ni kama kuvaa koti la mtu," anasema. "Zuri, ila mabega siyo yangu. Na watoto wanaona."

Nyumbani kwa Mwalimu Kengele nako kumetulia kuliko inavyopendeza. Mumewe ni fundi makochi, karakana yake iko ubavuni mwa nyumba.

"Mimi nilioa redio," anasema huku akivuta kitambaa juu ya sponji. "Miaka kumi na tisa namwambia, mama, punguza basi. Sasa nagonga msumari, nasimama, nasikiliza. Kimya. Nagonga mwingine."

Mwisho wa muhula daktari atamwangalia tena. Sauti isiporudi, mkuu wa shule ameshasema mama huyu atahamia stoo ya vitabu.

"Simfukuzi," anasema mkuu kwa upole. "Vitabu havihitaji kupigiwa kelele."

Mwalimu Kengele alipoambiwa hivyo aliandika kibaoni, "Vitabu havinigeukii." Mkuu alisoma, akajikohoza, akaangalia saa.

Kipindi kimekwisha. Kijana anakusanya vitu vyake, "Pole, dada," na anatoka. Mwalimu anafungua andalio la Ijumaa. Programu inamtaka achague kitendo cha mwalimu kutoka kwenye orodha: kueleza, kuuliza, kusimulia, kuimbisha, kusoma kwa sauti. Vyote vya mdomo. Anapaacha wazi. Maandishi mekundu yanajitokeza: Sehemu hii lazima ijazwe.

Anashuka mpaka chini kabisa, kwenye "Mengineyo". Anaandika: Kusimama mbele. Kushika tumbo. Kungoja.

Penye jina la mwalimu atakayefundisha, anafuta la kijana na kuweka lake.

Kwenye safu ya wanafunzi anaandika: Watacheka. Vidole vinasita juu ya vitufe. Anaongeza: wakitaka.

Anatuma kwa mkuu. Kioo kinajibu: Linasubiri idhini. Ikipatikana, anataka kumwonyesha mkuu kipindi kimoja, kimoja tu, kabla ya kukabidhiwa funguo za stoo.

Kengele ya umeme inalia, kali na fupi: mapumziko. Watoto wanamiminika nje. Yule msichana wa mbele anabaki, anachungulia kompyuta juu ya bega la mwalimu wake.

"Mwalimu, Ijumaa litauma tumbo la nani?"

Mwalimu Kengele anaacha chaki mezani. Anashika lake.